Kuandika filamu za kutisha ukiwa Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia wazo mpaka mkataba

Filamu ya kutisha haidai magari ya kifahari wala jumba la ghorofa. Nyumba moja, waigizaji wanne, taa chache na muswada ulioiva vinatosha kumfanya mtu mzima aogope kwenda msalani usiku peke yake. Ndiyo maana maprodyuza wengi wanaoanza hukimbilia filamu za aina hii. Shida ni kwamba wanaoletewa miswada mingi huletewa vitisho bila hadithi: jini katokea, dada kapiga kelele, mganga kaitwa, damu imemwagika, mwisho.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Igogo, Nyakato, Sengerema au Ukerewe mwenye daftari, simu, na hadithi inayomnyima usingizi. Si lazima uhamie Dar es Salaam ndipo uanze. Iko siku utakwenda huko kwa mikutano, lakini malighafi ya kazi hii unayo hapa ziwani. Nitakazia jambo moja kuliko mengine yote: kabla hujaandika kitisho chochote, jua kinamnyooshea nani kidole. Kanda yetu ina sababu nzito za kuuliza hivyo, na nitazieleza.

Anza kwa kuangalia, kisha kusikiliza

Chagua filamu tano za kutisha ulizozipenda na uangalie kila moja mara mbili. Mara ya kwanza tazama kama watu wote. Mara ya pili shika kalamu na uandike dakika: kitu cha kwanza kisicho cha kawaida kimeonekana dakika ya ngapi? Nani anajua zaidi, mtazamaji au mhusika? Kisha rudia sini (onyesho) moja iliyokutisha sana ukiwa umezima sauti. Mara nyingi hofu itapungua nusu, na hapo utaelewa kwa nini mwandishi wa aina hii lazima aandike sauti kwenye muswada: bati linalogonga, ndoo iliyoanguka, jogoo anayewika saa ambayo si yake.

Tofautisha mshtuko na hofu. Mlango ukifunguka ghafla mtu ataruka, na baada ya sekunde mbili atacheka. Lakini mtazamaji akijua kuna mtu chini ya kitanda, na mama wa nyumba hajui, akaingia, akakaa kitandani, akaanza kumsuka mwanawe taratibu, hiyo hofu inaweza kudumu dakika kumi. Mshtuko utumie mara chache. Kusubiri ndiko kunakolipa.

Halafu wasikilize wazee. Wasukuma wana ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa amejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa, anakua katika nchi tupu na kumuuliza mama yake watu wengine wako wapi. Anapoambiwa, anaanza kuwinda. Anaua kiumbe kidogo na kuuliza kama ndiye Shing'weng'we. Mama anasema hapana. Analeta kikubwa zaidi, hapana. Kikubwa zaidi tena. Siku atakapokutana na zimwi lenyewe, sisi tumeshalijenga kichwani bila kulionyeshwa. Hilo ndilo somo la kupandisha hofu ngazi kwa ngazi, na limekuwa likifundishwa kwenye moto wa jioni kabla kamera haijafika huku. Nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ukae na wanaosimulia. Usikimbilie kunakili zimwi. Chukua mpangilio wa hofu yake.

Tafuta hofu ya mahali

Simama Capri Point usiku usio na mwezi na utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa zimetandazika majini kama mji wa pili. Hao wavuvi hufanya kazi usiku wa giza kwa sababu taa ndiyo huwavuta dagaa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Umepata kalenda ambayo huwezi kuibuni ukiwa sebuleni: siku za giza watu wanatakiwa majini hata kama wanaogopa, kwa sababu tajiri mwenye mtumbwi anasubiri mzigo na nyumbani hakuna unga. Mhusika wako ana sababu ya kurudi mahali pa kutisha. Filamu ngapi zinakwama hapo? Mtazamaji anauliza "kwa nini asiondoke?" na mwandishi hana jibu.

Ziwa lenyewe lina tabia zake. Usiku hewa iliyo karibu na maji huwa ya baridi kuliko iliyo juu, na sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotea angani, kwa hiyo maneno ya watu walio kwenye mtumbwi wa mbali yanaweza kusikika kama yapo karibu. Mvuvi mzoefu hilo analijua. Basi mpe mhusika wako sauti ambayo mwanzoni ina maelezo ya kawaida, kisha taratibu yaondoe maelezo hayo. Magugu maji nayo husukumwa na upepo. Mwalo, yaani ufukwe wa kuegesha mitumbwi, uliouacha wazi jioni unaweza kuukuta umefungwa asubuhi, mtumbwi haupiti. Kwenye vilima vya Mabatini na Igogo nyumba zimejengwa katikati ya mawe makubwa, njia ni nyembamba, na huwezi kumwona anayeshuka mpaka akufikie. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025. Watu waliozoea kusubiri kivuko pale sasa wanapita juu kwa gari. Fikiria mwalo uliozoea kelele za abiria na wachuuzi, sasa hakuna anayesimama. Mimi ningeianzia filamu hapo kabla sijafikiria makaburi.

Utafiti wako fanya kwa adabu. Ukifika Mwaloni Kirumba, usimwendee mzee na kinasa sauti mkononi ukamuuliza habari za majini na mapepo. "Shikamoo mzee, poleni na kazi," kisha kaa, nunua chai, saidia hata kushika kamba. Swali la "mnaogopa nini?" halitakupa kitu, maana hakuna mwanaume wa mwaloni atakayejibu kwamba anaogopa. Uliza hivi: "Mkiwa majini, ni kitu gani hamfanyi?" Utasikia kuhusu kupiga mluzi, kutaja majina, kuitikia mwito, chakula fulani, siku fulani. Kila mwiko ni mlango wa filamu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na usitumie kisa cha familia ya mtu kama kilivyo.

Mstari ambao hatuvuki

Hapa naomba usome polepole.

Kanda ya Ziwa imezika akina bibi wengi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Baadhi yao walihukumiwa kwa macho mekundu, na macho hayo yalitokana na moshi wa jikoni waliopikia miaka yote wakilea wajukuu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi, watoto wakiwemo, kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Nyuma ya mauaji hayo kulikuwa na hadithi. Mtu fulani alisimulia, mwingine akaamini, mwingine akachukua panga.

Sasa wewe unataka kuandika hadithi ya kutisha, itakayoonekana kwenye simu na kwenye mabanda ya video, vijijini na mijini. Ukimweka bibi kizee mwenye macho mekundu awe mchawi wako, umeongeza kuni kwenye moto uleule. Ukimwonyesha mtu mwenye ualbino kama kiumbe cha ajabu, au hata kama mtu mwenye nguvu za siri "nzuri", umefanya kosa hilohilo kwa sura nyingine. Usiandike hivyo. Ukihitaji mhusika mwenye ualbino, mwandike mwalimu, nahodha, fundi simu, mtu mwenye deni na mpenzi na hasira zake.

Je, basi uchawi tusiuguse? Uguse, ila geuza kamera. Kaa ndani ya nyumba ya bibi anayetuhumiwa. Kuku wa jirani kafa. Mtoto wa jirani anaumwa. Watu waliokuwa wakiingia bila hodi sasa wanapita mbali. Mwenyekiti wa mtaa haitikii salamu. Mtu kaenda kwa mpiga ramli na amerudi na jina. Usiku bibi anasikia miguu nje, na anaitambua miguu hiyo, kwa sababu mama wa mmoja wao alizalishwa na bibi huyu. Huna haja ya jini hata mmoja katika filamu hiyo, na nakuhakikishia ukumbi utanyamaza.

Ajali za ziwani nazo zina wenyewe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Waliopoteza ndugu wako mtaani kwako. Mizimu ya abiria wa meli hizo si mali ya filamu yako. Buni chombo chako, buni kosa lako, buni wafu wako.

Toka kwenye wazo uende kwenye hadithi

Andika filamu nzima kwa sentensi moja yenye mtu, anachokitaka, na kinachomzuia. Ukishindwa, hadithi bado haijakomaa. Mfano nitakaoutumia: *Kijana wa dagaa aliyeficha jinsi pacha wake alivyokufa majini analazimika kurudi ziwani msimu wa giza, na kila usiku kwenye mtumbwi wao inaonekana taa moja zaidi ya walizoshusha.*

Kutoka hapo jibu maswali matatu kwa maandishi, kila moja ukurasa mmoja. La kwanza, mhusika anaficha nini? Filamu za kutisha zinazobaki kichwani mara nyingi zinahusu kitu ambacho mtu hataki kukisema. La pili, kitisho kina sheria gani? Taa ya ziada huonekana usiku wa giza tu. Sauti huita jina mara mbili. Anayeitika ndiye anayefuatwa. Sheria zikiwa tatu au nne na zikafuatwa bila upendeleo, mtazamaji atazikariri na kuanza kuogopa mapema kuliko mhusika. Ukibadilisha sheria katikati ili kuokoa hadithi, umeshampoteza. La tatu, mwisho unadai gharama gani? Mganga au mchungaji anayeingia dakika tano za mwisho na kumaliza kila kitu anamnyang'anya mhusika mkuu kazi yake. Aliyeficha ndiye aseme.

Baada ya hapo kata karatasi ndogo, kila moja sini moja, kati ya 40 na 60. Zitandaze sakafuni. Ondoa kila sini ambayo ukiitoa hakuna kinachoanguka. Hii kazi inauma lakini ni rahisi zaidi sasa kuliko ukiwa ukurasa wa 80.

Umbo la muswada

Herufi za Courier, ukubwa wa 12. Ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ndefu iwe kurasa 85 hadi 100. Kila sini ianze na mstari wa herufi kubwa: ndani au nje, mahali, wakati. Andika kinachoonekana na kusikika tu, kwa wakati uliopo. Programu kama Celtx, Fade In au WriterDuet zitakupangia nafasi zenyewe, na ukiwa na simu tu unaweza kuandika maandishi ya kawaida ukayahamisha baadaye. Umbo lisikuchukue zaidi ya wiki kujifunza.

Tazama hii:

NJE. ZIWANI, MTUMBWI WA DAGAA – USIKU

Giza. Wavuvi watatu wanavuta wavu kimya. DOTO (19) anainua macho. Anahesabu taa zinazoelea.

Moja.

Mbili.

Tatu.

DOTO
Nahodha, tumeshusha taa ngapi?

NAHODHA MASANJA (52)
Mbili. Vuta wavu.

Doto anavuta. Hatazami tena. Maji yanapiga ubavu wa mtumbwi. Yanaacha.

SAUTI (kutoka gizani)
Doto.

Wavu unamponyoka Nahodha mikononi.

NAHODHA MASANJA
(chini chini)
Usiitike.

Hakuna mahali nimeandika "Doto anaogopa sana". Kila mstari uliosimama peke yake ni picha moja, na macho ya msomaji yanashuka kwa mwendo ambao filamu itakwenda. Nahodha ndiye anayeachia wavu, mtu mzima aliyekuwa mkali sekunde chache zilizopita. Hapo tunajua hili si jambo la kijana mwoga. Tena kuna jina. Mtu wa Kanda ya Ziwa akikutana na Doto, moyoni atauliza Kulwa, pacha wake, yuko wapi. Swali hilo limeulizwa bila mstari hata mmoja wa maelezo. Majina, salamu, utani wa kabila na kabila, nani anamwita nani mzee, hizo ndizo silaha zako dhidi ya mwandishi anayeigiza filamu za nje.

Mazungumzo yasikike kama ya watu. Bibi wa Magu ataamkia "mwangaluka" na kushukuru "wabeja". Usimpe Kiswahili cha taarifa ya habari. Tena katika hofu watu hawatoi hotuba. Hukata maneno, hurudia jina, au huongelea kitu kingine kabisa, kama bei ya mafuta ya injini.

Soma kwa sauti, usiku

Rasimu ya kwanza malizia hata kama unaona aibu nayo. Ipumzishe wiki mbili. Kisha kusanya marafiki watano, gawa wahusika, someni kwa sauti usiku. Wewe usisome. Kaa pembeni na uwatazame: nani kachukua simu, ukurasa wa ngapi? Wapi wamecheka pasipotakiwa? Wapi chumba kimetulia? Wakimaliza usiwaulize kama wamependa, maana ni marafiki na watasema ndiyo. Waombe wakusimulie hadithi upya. Wanaposahau au kuchanganya ndipo penye tatizo. Rasimu tatu ni kawaida. Saba pia.

Tengeneza fupi kwanza

Hakuna prodyuza atakayekupa filamu ndefu kwa maneno matupu. Andika fupi ya kurasa nane, mahali pamoja, wahusika watatu, na mtafute kijana mwenye kamera anayetaka kujulikana kama wewe.

Andika ukijua gharama. Maji, usiku, watoto na wanyama ni vitu vinne vinavyokula bajeti. Hadithi ya Doto inaweza kuwa na sini tatu tu za ziwani, zote zikapigwa karibu na ufukwe kwenye maji ya kina kifupi, na zilizobaki zikawa ndani ya kibanda cha kambi. Majaketi ya kuokolea maisha kwa kila mtu aliye mtumbwini, hata asiyeonekana kwenye picha. Hili halina mjadala. Sauti ya ziwani nasa tofauti, kwa sababu upepo utakuharibia mazungumzo.

Kibali kinatoka Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Usianze kupiga picha bila hicho. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na uongozi wa mwalo, hasa kama kuna sini ya kelele au damu bandia usiku. Watu wasije wakatoka na marungu wakidhani ni kweli. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, hivyo ukipigia huko utahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pia.

Filamu ikikamilika ipeleke kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, na kwenye matamasha ya nje yanayopokea filamu fupi za kutisha. Weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yaliyofanywa na mtu anayejua lugha zote mbili.

Pesa na haki

Kwa miaka ya mwanzo filamu pekee haitakulisha. Waandishi wa kutisha wana uwanja mwingine wa karibu: simulizi. Wasikilizaji wa simulizi za sauti na wasomaji wa hadithi za vipande wanaolipia kwa simu ni wengi, na kipande kinachoishia pabaya ni mazoezi bora kuliko darasa lolote. Tamthilia za chaneli za Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo nazo zinahitaji waandishi wanaoweza kutoa kurasa nyingi kwa muda mfupi. Ukiingia huko kama msaidizi, utajifunza nidhamu na utakutana na watu.

Sajili muswada wako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hakimiliki unaipata ukishaandika, chini ya sheria ya mwaka 1999, lakini usajili unakupa ushahidi. Kumbuka sheria inalinda maandishi. Wazo la "taa ya ziada ziwani" mtu anaweza kulichukua akaandika lake. Kwa hiyo kwa mtu usiyemjua tuma sentensi moja na muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa barua pepe yenye tarehe. Muswada mzima utoke baada ya mazungumzo ya kweli.

Mkataba uwe wa maandishi hata na rafiki. Malipo yagawanywe: kishika uchumba mnapotia saini, sehemu nyingine ukikabidhi rasimu ya kwanza, na ya mwisho rasimu ya mwisho ikikubaliwa. Taja idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, nani anabeba kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo yako), jina lako litaandikwaje kwenye filamu na kwenye bango, na filamu isipotengenezwa ndani ya miaka miwili haki zirudi kwako. Filamu za kutisha zikipendwa huzaa sehemu ya pili na ya tatu, basi andikeni mapema kwamba wewe ndiye utakayepewa nafasi ya kwanza kuziandika, au utalipwa akiziandika mwingine. Ukikuta kifungu kinachompa prodyuza "haki zote, milele, kwa namna zote", usigombane. Kipigie mstari, mwombe akitaje kwa orodha: sinema, televisheni, mtandaoni, kitabu, simulizi ya sauti, sehemu zinazofuata. Kisha bakiza kitabu na simulizi ya sauti kwako, na kila kilichobaki kwenye orodha kiwekewe bei yake.